Wilma Neruda: Mwanamke aliyevunja mwiko wa fidla

Kwa wazee wa Migori na Homa Bay, orutu, ala ya uzi mmoja inayopigwa kwa upinde, ilikuwa ya wanaume. Ulaya nayo iliwahi kuwa na mwiko kama huo kuhusu fidla. Wilma Neruda ni miongoni mwa waliouvunja.

Alizaliwa mwaka wa 1838 mjini Brno, katika nchi inayoitwa sasa Jamhuri ya Czech. Babake, Josef, mpiga kinanda wa kanisa, alimtaka ajifunze piano, kwani fidla haikudhaniwa kumfaa msichana. Binti akawa anaipiga kwa siri fidla ya kakake. Alipogunduliwa, baba alisalimu amri, akamfunza. Mwaka wa 1846 alitumbuiza jijini Vienna.

Mnamo 1864 aliolewa na mwanamuziki wa Uswidi, Ludvig Norman, akafundisha fidla jijini Stockholm. Ndoa ilipovunjika, alielekea London mwaka wa 1869. Wanawake waliothubutu kupanda jukwaani na fidla walikuwa wachache mno. Baada yake, wasichana wengi Waingereza walianza kujifunza.

Mwaka wa 1888 aliolewa na Charles Hallé, kiongozi wa okestra, na mnamo 1895 wakazuru Afrika Kusini. Hallé alifariki mwaka huo huo. Mwaka wa 1901 Malkia Alexandra alimtunuku Neruda cheo cha Mpiga Fidla wa Malkia.

Alifundisha pia jijini Berlin, alikofariki Aprili 15, 1911. Siku hizi hata orutu imeingia mikononi mwa wanawake.