Nimejaribu The Godfather Mara Tatu Ikanilemea, Lakini Kuna Msee Mmoja Ndani Alinishika

Wacha niseme ukweli, na usinirushie mawe: The Godfather haikunibamba. Nimeijaribu mara tatu. Mara ya kwanza nililala kabla harusi ya mwanzo iishe, na hiyo harusi ni karibu nusu saa. Mara ya pili nilifika mahali wazee wananong'ona gizani, nikashika simu. Mara ya tatu nilijikaza hadi mwisho, karibu saa tatu mzima, juu kila mtu anayejifanya anajua muvi aliniambia kama hii haijanibamba basi sijui muvi. Nikamaliza. Bado wapi.

Labda ni malezi. Kama ulikulia kwa vibanda vya muvi, DJ Afro akikuonyesha staring ni nani na adui ni nani, hii kitu ya 1972 itakutesa. Watu wanakaa. Wanabonga pole pole. Halafu staring ndiye anageuka kuwa adui, na hakuna mtu anakuonya.

Lakini kuna mahali niliweka simu chini. Mzee Don Corleone anapigwa risasi akinunua machungwa barabarani. Kijana wake Fredo yuko pale pale. Anatoa bunduki, inamponyoka mkononi. Wauaji wanajitoa, na Fredo anakaa chini kando ya barabara akilia kama mtoto. Nikajiuliza, huyu ni nani?

Huyu ni John Cazale. Ukisikia stori yake utashangaa mbona hakuna mtu alikuambia.

Alizaliwa 1935 huko Revere, Massachusetts, karibu na Boston, fathe wake Mwitaliano wa Marekani na mathe wake Mwairishi wa Marekani. Alisomea uigizaji Boston University, halafu akahamia New York kutafuta maisha kwa steji. Steji haikuwa inalipa, so akaingia Standard Oil kama tarishi. Kama umewahi kufanya hiyo kazi, unajua vile iko. Mimi niliifanya baada ya kuacha college: unabeba bahasha za watu wenye hawajui jina lako. Lakini hapo Standard Oil Cazale alikutana na tarishi mwingine, kijana mwenye pia alikuwa anasota akitafuta kuigiza. Jina lake Al Pacino.

Hao wawili wakapatana tena kwa mchezo wa Israel Horovitz, The Indian Wants the Bronx. Pacino alikuwa mhuni wa mtaa. Cazale alikuwa mzazi kutoka India, amepotea New York, hajui Kiingereza, anasumbuliwa na wahuni kwa stendi ya basi. Mwaka wa 1968 wote wawili walibeba tuzo ya Obie kwa hiyo kazi.

Baadaye Cazale alikuwa kwa mchezo mwingine wa Horovitz, Line. Fred Roos, mwenye alikuwa anatafutia Francis Ford Coppola waigizaji, alienda kumcheki Richard Dreyfuss. Akatoka hapo na jina la Cazale. Hivyo ndivyo Fredo alipatikana.

Cheki hii sasa. James Caan, mwenye anacheza kaka mkubwa wa Fredo, alikuwa mdogo kwa Cazale karibu miaka tano. Pacino pia hivyo hivyo. Lakini ukiwaona pamoja, huwezi shuku kwamba Fredo si wa katikati, yule wa kupitwa. Cazale aliamua huyu msee atajikunja hata akisimama.

Kama hujaona Part II ya 1974, ruka hii paragrafu. Hapo Fredo anamuuza brathe yake mdogo kwa maadui. Kuna mahali amelala nusu kwa kiti, nje kuna ziwa na barafu, na anamwaga hasira yote ya kuwa mkubwa mwenye anatumwa na mdogo. Hachapi mtu. Hata hawezi kuinuka vizuri kwa hicho kiti. Wewe unajua amefanya vibaya, na bado unamhurumia.

Mwaka huo huo alikuwa kwa The Conversation, pia ya Coppola. 1975 ikaja Dog Day Afternoon, yeye na Pacino wakiiba benki. Jambazi wa ukweli mwenye alikuwa anamuigiza alikuwa kijana wa miaka 18. Cazale alikuwa amegonga karibu 40, lakini Pacino alimsukumia dairekta Sidney Lumet hadi akampa nafasi. Kuna mahali anaulizwa angependa kutorokea nchi gani, na anataja Wyoming, jimbo la hapo hapo Marekani. Hiyo haikuwa kwa maandishi. Alijitolea mwenyewe, na uso wake haukucheka hata kidogo.

1976 alikuwa Central Park akicheza Measure for Measure ya Shakespeare na dem mmoja mgeni kwa game, Meryl Streep. Wakapendana, wakaanza kukaa pamoja. Mwaka uliofuata daktari akamwambia ako na kansa ya mapafu. Jamaa alikuwa mtu wa fegi sana.

Wakati huo walikuwa wameitwa kwa The Deer Hunter. Studio iliposikia ni mgonjwa, ikataka atolewe. Streep alikuwa tayari kutoka naye. Streep pia amesimulia vile Robert De Niro ndiye alilipia bima ndio Cazale abaki. Dairekta Michael Cimino akapanga sehemu zake zipigwe kwanza, kabla nguvu iishe. Akamaliza kazi.

Machi 1978 akaaga dunia, miaka 42, Streep akiwa kando ya kitanda. Muvi ilitoka Desemba. Hakuwahi kuiona.

Sasa hesabu. Muvi tano tu maisha yake yote. Zote tano ziliteuliwa kwa Oscar ya muvi bora, na tatu zikashinda: Godfather mbili na The Deer Hunter. Kwa Godfather ya kwanza, Pacino, Caan na Robert Duvall waliteuliwa. Kwa ya pili, De Niro akabeba kabisa. Cazale hakuwahi kuteuliwa Oscar hata mara moja. Alifanya kazi ya msee wa kupitwa vizuri hadi wakampita.

Mimi pia nilimpita. Juzi niliirudia mara ya nne, safari hii nikimfuata Fredo peke yake. Kumbe yuko hapo hapo harusini, kwa ile nusu saa ilinilaza. Anakuja amelewa, anamsalimia brathe yake Michael, anajitambulisha kwa dem wake huku akicheka cheka. Hakuna mtu anamchukulia serious.

Hiyo harusi bado ni ndefu, na Godfather bado sijaipenda vile mnaipenda. Lakini ukiamua kuijaribu, usingoje bunduki zianze. Mtafute yule wa kando.