Padre De Smet na barabara ya Magharibi

Tunapotaja wamisionari wakubwa, wengi wetu hukimbilia kwa Mtakatifu Fransisko Ksaveri. Padre Pierre-Jean De Smet, Mjesuiti kutoka Ubelgiji, hatajwi sana katika parokia zetu, ingawa Marekani jina lake limepewa shule na hata mji. Hakutangazwa mtakatifu. Pengine ndiyo maana maisha yake yanatufaa sisi tulio bado njiani, kwa kuwa tunaona mema aliyoyafanya pamoja na yale yaliyomshinda.

Alizaliwa Dendermonde tarehe 30 Januari 1801, na akasoma seminari ndogo ya Mechelen. Mwaka 1821 alipita huko Padre Charles Nerinckx, mmisionari wa Kentucky, akitafuta vijana wa kwenda naye Amerika. De Smet akaondoka na wenzake kadhaa bila kumwaga baba yake, kwa kuogopa kwamba angezuiwa. Hapa kila mseminari atanyamaza kidogo, maana katika kila nyumba ya malezi yupo ndugu aliyeingia huku baba yake amegeuza uso upande wa pili.

Alianza unovisi White Marsh, Maryland. Mwaka 1823 kundi dogo la Wajesuiti lilitumwa Missouri, na De Smet akiwamo. Walishuka mto Ohio kwa mashua, kisha wakatembea kwa miguu hadi Florissant, karibu na mji wa St. Louis. Vitabu vingi vya zamani husimulia safari hiyo kwa sifa tu. Lakini walikuwapo pia watu sita weusi waliokuwa watumwa wa shirika, na hao ndio waliolima na kujenga pamoja na wanovisi bila mtu kuwauliza kama wanataka kwenda. Tunaliandika jambo hili kwa sababu ni sehemu ya historia ya misioni ile, na anayeliruka hasimulii kweli.

De Smet alipewa upadre mwaka 1827. Mwaka 1838 alipelekwa Council Bluffs, kando ya mto Missouri, kwa watu wa kabila la Potawatomi ambao serikali ilikuwa imewahamisha kutoka nchi yao. Huko aliona pombe kali ya wafanyabiashara ikiwamaliza. Kila fedha za serikali zilipofika, mapipa nayo yalifika.

Wakati huohuo, katika milima ya mbali ya Magharibi, kabila la Salish lilikuwa limesikia habari za imani kutoka kwa Wairoki Wakatoliki waliohamia kwao. Walituma ujumbe St. Louis kuomba padre, safari ya zaidi ya kilomita 2,000. Wa kwanza walifika mwaka 1831, na wawili kati yao wakafia mjini. Wa pili walifika mwaka 1835. Ujumbe wa mwaka 1837 uliuawa wote njiani, akiwamo mzee Ignace, Mwiroki aliyekuwa mwalimu wao wa imani. Mwaka 1839 wakatuma tena watu wawili. Sisi tunaolalamika padre akichelewa nusu saa kigangoni tuitazame hesabu hiyo: safari nne katika miaka minane.

De Smet ndiye aliyetumwa kuwajibu. Mwaka 1840 aliandamana na msafara wa wafanyabiashara wa ngozi, akitetemeka kwa homa karibu njia nzima. Tarehe 5 Julai aliadhimisha Misa Takatifu kando ya Green River, Misa ya kwanza kujulikana katika nchi ambayo leo ni jimbo la Wyoming. Mbele kidogo alikuta watu wapatao 1,600 wakimsubiri. Akaahidi kurudi na wenzake, akarudi kweli.

Safari ya mwaka 1841 ndiyo iliyomwingiza katika historia ya wahamiaji. Aliongozana na Padre Nicolas Point, Padre Gregory Mengarini na mabruda watatu, na alikuwa amemwajiri Thomas Fitzpatrick, mzoefu wa milima, awaonyeshe njia. Kulikuwa na kundi la wahamiaji, John Bidwell akiwa mmoja wao, waliotaka kwenda California. Walikuwa na magari ya kukokotwa na wanyama, chakula na ujasiri, lakini hakuna hata mmoja aliyejua njia. Waliposikia kwamba wamisionari wana kiongozi, waliwasubiri wakafuatana nao. Basi msafara wa kwanza wa walowezi uliokata bara kuelekea California ulitembea sehemu kubwa ya safari nyuma ya mapadre. Waliachana Soda Springs mwezi Agosti. Mwezi Septemba De Smet akaanzisha misioni ya Mtakatifu Maria katika bonde la Bitterroot.

Nani angejua nyuma ya kundi lile dogo watakuja wangapi? Kufikia mwaka 1869, reli ilipokamilika, watu kati ya 300,000 na 400,000 walikuwa wamepita njia zile. Ng'ombe wao walimaliza majani, nyati wakahama, kipindupindu kikaenea. De Smet mwenyewe aliandika barua nyingi zilizochapishwa vitabuni, akiisifu nchi ile ili kupata misaada na wamisionari. Wasomaji wa barua hizo hawakuwa watawa peke yao.

Na misioni nayo haikudumu. De Smet alitaka pia kuwafikia Blackfeet, maadui wakubwa wa Salish. Kwetu ni jambo la Injili kabisa. Kwa Salish lilikuwa jambo la kuumiza, kwamba padre waliyemlilia miaka yote sasa anawapelekea adui zao baraka zilezile. Mioyo ikapoa. Wakuu wa shirika nao waliona De Smet anaahidi kuliko uwezo wa shirika, wakamweka St. Louis kutunza hesabu. Mwaka 1850 misioni ikafungwa. Kwa mtu wa safari kama yeye, kukaa mezani na daftari la mapato kulikuwa msalaba. Hata hivyo alitii.

Mwaka 1851 serikali ilimwomba ahudhurie mkutano mkubwa wa makabila karibu na Fort Laramie, ambako walikusanyika watu wapatao 10,000. Alisafiri na wajumbe wa makabila ya kaskazini. Walipofika kwenye barabara ya wahamiaji, pana na ngumu, isiyo na jani hata moja, walishangaa. Walidhani nchi ya wazungu sasa imebaki tupu, kwa kuwa wote lazima wamepita hapo. De Smet akawaeleza kwamba kule walikotoka hakuna hata aliyeona pengo. Hawakumwamini. Sisi tunadhani hapo ndipo alipoelewa kinachokuja, maana alizijua nchi zote mbili.

Mkataba uliahidi malipo ya miaka 50. Seneti ikapunguza hadi 10.

Aliendelea kuitwa kila palipokuwa na vita. Mwezi Juni 1868, akiwa na miaka 67 na mwili umechoka, alikwenda bila askari hadi kambi ya Sitting Bull akiwa na bendera yenye picha ya Bikira Maria. Sitting Bull alimlinda katika hema lake mwenyewe. Hakuja kutia sahihi, lakini aliwatuma wengine, na mkataba ukawaachia Wasioux milima ya Black Hills. De Smet alifariki St. Louis tarehe 23 Mei 1873. Mwaka uliofuata jeshi lilipata dhahabu katika milima ile, na mwaka 1877 wakanyang'anywa.

Salish walikaa Bitterroot hadi Oktoba 1891, serikali ilipowaondoa chini ya chifu wao Charlo. Kanisa dogo la Mtakatifu Maria, lililojengwa upya mwaka 1866, bado limesimama katika mji wa Stevensville.