James Doolittle na Ndege Iliyotua Bila Rubani Kuona Ardhi

Katika somo lililopita tuliona kwamba hewa ina uzito, na kwamba kadiri mtu apandavyo juu ndivyo kanieneo ya hewa inavyopungua. Sasa tutasoma habari za rubani aliyeweka maisha yake juu ya ukweli huo.

James Doolittle alizaliwa tarehe 14 Desemba 1896 katika mji wa Alameda, jimbo la California, nchini Marekani. Utoto wake aliupitisha Nome, huko Alaska kwenye baridi kali, ambako baba yake alikwenda kutafuta dhahabu. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza aliingia jeshini akafundishwa urubani. Mwaka 1922 aliivuka Marekani, pwani hadi pwani, kwa muda usiotimia saa 24, akitua mara moja tu njiani.

Watu walimsifu kwa ushupavu, lakini Doolittle alikuwa pia msomi. Mwaka 1925 alipata shahada ya udaktari katika elimu ya urukaji. Marubani wa siku hizo walijivunia hisia zao. Walidai kwamba hata wasipoiona ardhi mwili huwaambia ndege inaelekea wapi. Doolittle alilichunguza jambo hilo akaona si kweli.

Unaweza kujaribu mwenyewe. Fumba macho, zunguka mara kadhaa mahali pamoja, kisha simama ghafla. Utahisi ungali unazunguka, ingawa miguu yako imetulia. Ndani ya sikio mna vijia vyenye majimaji, na majimaji hayo huendelea kusogea baada ya mwili kusimama. Vivyo hivyo rubani aliye ndani ya wingu aweza kuhisi anakwenda sawasawa, kumbe ndege yake inapinda na kushuka. Wengi walikufa kwa kuamini habari hiyo ya uongo itokayo katika miili yao wenyewe.

Mwaka 1928 Doolittle alipewa kazi ya kutafuta njia ya kutua katika ukungu, kwa fedha za mfuko wa tajiri Daniel Guggenheim. Kazi hiyo ilifanyika katika uwanja wa Mitchel Field, karibu na New York. Ndege ilitiwa vyombo vipya. Kimoja kilikuwa na gurudumu lizungukalo kwa kasi kama pia, nacho kilimwonyesha rubani kama mabawa yamelala sawa. Kingine kilipokea mawimbi ya redio kutoka uwanjani, kikaonyesha kama ndege imo katika njia yake.

Lakini chombo kilichotakiwa zaidi ni kile cha kupima kimo, yaani altimeta. Ndani yake mna kikopo chembamba cha bati kilichotolewa hewa na kuzibwa. Ndege ikipanda, kanieneo ya nje hupungua na kikopo hutanuka. Ikishuka, kikopo hubonyea. Mwendo huo mdogo huusukuma mshale. Altimeta za zamani zilikosea kwa mita 15 hadi 30, na rubani asiyeiona ardhi hawezi kutua kwa kipimo cha namna hiyo. Paul Kollsman, fundi aliyezaliwa Ujerumani, alitengeneza altimeta iliyokosea kwa mita chache tu.

Hata altimeta nzuri yaweza kudanganya. Kanieneo ya hewa hubadilika pia kwa sababu ya hali ya hewa. Ikipungua kwa milibari 10, altimeta isiyosahihishwa itaonyesha kwamba ndege iko karibu mita 80 juu kuliko ilivyo kweli. Ndiyo maana kabla ya kutua rubani huambiwa kwa redio kanieneo ya mahali pale, naye hurekebisha chombo chake.

Tarehe 24 Septemba 1929 Doolittle aliketi katika kiti cha nyuma, akafunikwa kabisa kwa turubai. Kiti cha mbele alikaa Luteni Benjamin Kelsey, tayari kuokoa ndege kama mambo yangeharibika. Mikono yake aliiweka nje ili watu waione. Doolittle aliiondoa ndege ardhini, akaizungusha, akairudisha uwanjani na kuitua, kwa muda wa dakika 15 hivi. Kelsey hakugusa kitu.

Mwaka 1942 Doolittle aliongoza ndege 16 kuishambulia Japani, na kwa tendo hilo ndipo wengi wanapomkumbuka. Kwa maoni yetu, zile dakika 15 zimewafaa watu wengi zaidi.

Hata hivyo ndege ziliendelea kugonga milima. Katika miaka ya 1970 ziliwekewa chombo cha kumwonya rubani akiikaribia ardhi mno. Chombo hicho kilipima kwa mawimbi ya redio yaliyoelekezwa chini, hivyo hakikuona kilicho mbele, na mara nyingi kililia pasipo hatari, rubani akiwa katika shughuli za kutua. Marubani wakazoea kukipuuza. Mwaka 1983, karibu na Madrid, Hispania, chombo kilionya kweli, lakini ndege iliendelea kushuka, na watu 181 wakafa.

Doolittle alifariki California tarehe 27 Septemba 1993. Katika miaka hiyo hiyo ya 1990 mafundi walikitia chombo cha kuonya ramani ya milima, kikaanza kutambua ardhi iliyo mbele ya ndege, na kelele za bure zikapungua sana.