Mali bila daftari: Robert Mushet, mtu aliyeiponya feleji

Kila anayepanda treni Miritini kwenda Nairobi hupita juu ya kazi ya mtu ambaye huku kwetu jina lake halitajwi. Hakujenga reli wala hakutia sahihi mkataba wowote. Ni Robert Forester Mushet, Mwingereza mwenye asili ya Uskoti aliyefariki mwaka wa 1891, na kazi yake ilikuwa kujua ni kitu gani kidogo kitiwe ndani ya chuma kilichoyeyuka ili itoke feleji isiyovunjika. Nataka niyasimulie maisha yake leo kwa sababu yana somo kwetu watu wa Pwani, na somo lenyewe wazee walishalifunga katika methali moja: mali bila daftari hupotea bila habari.

Tuelewane kwanza juu ya kitu chenyewe. Chuma kinachotoka kwenye tanuri kubwa la kuyeyushia mawe ya madini huwa kimenywa kaboni nyingi kutoka kwenye makaa, kama sehemu 4 katika 100. Ni kigumu, lakini ukikipiga nyundo kinapasuka mfano wa chungu. Feleji ni chuma hicho hicho kilichopunguzwa kaboni mpaka ikabaki kidogo tu, mara nyingi chini ya sehemu 1 katika 100. Hapo kinapinda bila kuvunjika na kinashika makali. Jambo hili halikuwa geni kwa Waswahili. Al-Idrisi, aliyeandika jiografia yake katika karne ya 12, aliwataja watu wa Malindi kuwa na migodi ya chuma na kufanya biashara kwa chuma hicho.

Mushet alizaliwa Coleford tarehe 8 Aprili 1811, ndani ya Forest of Dean, msitu wenye makaa ya mawe na madini ya chuma katika jimbo la Gloucestershire, magharibi mwa Uingereza. Alikuwa mtoto wa kiume wa mwisho wa David Mushet, bingwa wa vyuma aliyegundua huko Uskoti, mwaka wa 1801, aina ya mawe ya chuma iliyokuja kuwa tegemeo la viwanda vya nchi ile. Elimu ya chuma Robert aliipata kwa baba yake, kwa kuyeyusha, kupima na kuandika, kisha kurudia tena. Mwaka wa 1845 alichukua usimamizi wa kiwanda cha Darkhill, pale pale msituni.

Mwaka wa 1848 aliletewa kipande cha chuma cha ajabu kutoka eneo la mto Rhine. Wajerumani wamekipa jina lenye maana ya chuma cha kioo, kwa kuwa kikivunjwa nyuso zake humetameta. Ndani yake mna chuma, kaboni na madini yaitwayo manganizi. Mushet alikifanyia majaribio kwa miaka, wala hakujua kwamba alikuwa akishika dawa ya ugonjwa ambao bado haujatokea.

Ugonjwa ulitokea Agosti 1856. Henry Bessemer alisimama mbele ya wanasayansi mjini Cheltenham akatangaza njia mpya ya kutengeneza feleji: unapuliza hewa ndani ya chuma kilichoyeyuka, na hewa hiyo inaunguza kaboni yote kwa dakika chache, bila makaa zaidi. Kabla ya hapo feleji ilikuwa ghali, ikitengenezwa kidogo kidogo ndani ya vyungu. Wenye viwanda waligombania kulipia haki ya kutumia njia hiyo. Waliporudi kwao wakaijaribu, chuma chao kikatoka kibovu. Kilijaa mapovu, na kilipopigwa kikiwa na moto kilimomonyoka.

Nilipokuwa nikisomea stashahada ya ufundi mitambo, jina la Bessemer tulifundishwa siku ya kwanza ya somo la vyuma. La Mushet nilikuja kulipata baadaye, kwa kusoma mwenyewe. Na nilipoelewa alichokifanya, nilistaajabu kwa urahisi wake.

Hewa inayopulizwa haichomi kaboni tu. Nyingine hubaki ndani ya chuma kama oksijeni na kukiharibu. Salfa nayo, iliyotoka kwenye makaa, hukaa katikati ya chembe za chuma na kuyeyuka mapema kuliko chuma chenyewe, ndiyo maana kikifuliwa na moto kinaachana. Juu ya hayo, ni vigumu sana kukomesha upepo sawasawa na wakati ambapo kaboni imebaki kiasi unachotaka. Mushet alisema usihangaike kukisia. Acha kaboni yote iungue, kisha utie kipimo cha kile chuma cha kioo. Manganizi itaishika oksijeni na kuielekeza kwenye taka zinazoelea juu, zile wahunzi wetu huziita mavi ya chuma. Itaifunga pia salfa isilete madhara. Na kaboni iliyomo humo itarudisha ile iliyopotea, kwa kiasi unachokijua. Ni kama mpishi aliyechoka kukisia chumvi tangu mwanzo, akapika chakula chapwa, kisha akatia kipimo chake mwisho.

Mwezi uliofuata, Septemba 1856, Mushet aliandikisha hataza, yaani hati ya haki ya uvumbuzi. Mapema mwaka wa 1857 reli moja iliyotengenezwa kwa feleji yake ililazwa katika kituo cha Derby, mahali penye msongamano mkubwa wa treni. Reli za chuma cha kawaida pale zilikuwa zikibadilishwa kila miezi 6, mara nyingine kila miezi 3. Reli ya Mushet ilikaa miaka 16.

Hapa ndipo moyo unapouma. Sheria ya Uingereza wakati ule ilitaka hataza ilipiwe ushuru wa stempu wa pauni 50 kabla ya miaka 3 kwisha. Haki yenyewe ilikuwa mikononi mwa wadhamini, watu waliohusika na biashara ya chuma, na Mushet akawaachia wao. Mwaka wa 1859 siku ikafika, pauni 50 hazikulipwa, hataza ikafa. Tangu siku hiyo Bessemer na kila mwenye tanuri akawa huru kutumia manganizi bila kumlipa Mushet hata senti. Bessemer alichuma zaidi ya pauni milioni moja kwa ada za uvumbuzi wake, na mwaka wa 1879 akapewa cheo cha heshima na Malkia.

Haki iwe kwa wote wawili. Bessemer hakuwa mwizi mbele ya sheria, kwa kuwa mlango ulikuwa wazi naye akapita. Mashine ilikuwa yake na hatari ya fedha aliibeba yeye. Tena huko Uswidi, mwaka wa 1858, Göran Göransson alifaulu kwa njia ya Bessemer bila dawa ya Mushet, kwa sababu madini ya kwao yalikuwa safi tangu ardhini. Na dawa yenyewe haikuponya kila kitu. Fosforasi ilibaki tatizo mpaka Sidney Gilchrist Thomas na binamu yake walipoipatia ufumbuzi mwishoni mwa miaka ya 1870. Lakini kwa chuma cha kawaida cha Uingereza, njia ya Bessemer isingesimama bila kile kipimo cha mwisho.

Aliyekwenda kudai hakuwa Mushet mwenyewe. Alikuwa mgonjwa na mwenye madeni, na tabia yake ilikuwa ya kukaa msituni na kupigana kwa kalamu. Mwaka wa 1866 binti yake Mary, msichana wa miaka 16, alisafiri peke yake hadi London, akaingia ofisini kwa Bessemer na kumweleza kwamba utajiri wake umesimama juu ya kazi ya baba yake. Hakuwa na hati wala wakili. Bessemer alikubali kumpa Mushet pauni 300 kila mwaka, na aliendelea kulipa kwa zaidi ya miaka 20. Wapo wanaosema ilikuwa huruma, wapo wanaosema alitaka kuzima kesi. Mimi naona yote mawili yanaweza kukaa ndani ya moyo mmoja. Lakini angalieni tofauti: kilichokuwa kiwe haki kikageuka kuwa sadaka, na sadaka hupimwa na mkono wa mtoaji.

Mushet hakukata tamaa ya kazi. Mwaka wa 1868 aligundua feleji nyingine, safari hii akiwa ametia tungsteni. Vifaa vya kukatia chuma siku zile vilipaswa kupashwa moto kisha kuzamishwa majini ili viwe vigumu. Feleji ya Mushet iliwekwa tu hewani ikapoa, ikawa ngumu yenyewe. Fundi wa kerezo aliyekuwa nayo aliweza kuendesha mashine kwa kasi zaidi bila makali kulainika kwa joto. Na tazama alivyojifunza: hakuiweka wazi kwenye karatasi za serikali. Aliifanya siri. Michanganyiko ilitayarishwa msituni kwake, na kampuni ya Samuel Osborn ya Sheffield ikawa inatengeneza na kuuza. Mafundi wa Marekani, Taylor na White, waliijenga juu ya msingi huo feleji ya kasi iliyostaajabisha watu katika maonyesho ya Paris mwaka wa 1900.

Mwaka wa 1876 taasisi ya wanachuma wa Uingereza ilimpa medali ya dhahabu. Medali hiyo inaitwa Medali ya Bessemer. Mushet alifariki Cheltenham tarehe 29 Januari 1891, katika mji ule ule ambapo Bessemer alitangaza njia yake. Miaka mitano baadaye reli ya Uganda ilianza kulazwa kutoka Mombasa, na reli zake zilikuwa za feleji. Hadi leo manganizi hutiwa karibu katika feleji yote duniani, pamoja na nondo unayonunua kwa ajili ya slebu yako.

Sasa turudi kwetu. Kwale tuna kilima cha Mrima, ambacho chini ya msitu wake mna madini ya niobiamu. Niobiamu nyingi duniani huchanganywa na chuma na kutiwa katika feleji kwa kiasi kidogo sana, gramu mia chache kwa tani, na feleji hiyo ikapata nguvu zaidi. Ni ndugu wa kile chuma cha kioo cha Mushet. Siku ikifika ya kuchimbwa, swali halitakuwa nani amezaliwa juu ya kilima. Litakuwa nani ana karatasi, na je, imelipiwa kwa wakati?

Na msiseme mambo haya ni ya Wazungu walioendelea. Huko huko Forest of Dean, wachimbaji wenyeji walidai kwa karne nyingi kwamba aliyezaliwa pale na kufanya kazi mgodini mwaka mmoja na siku moja ana haki ya kuchimba. Mwaka wa 1838 haki hiyo iliandikwa katika sheria ya Bunge, na bado ipo. Mila yao ilidumu kwa sababu iliingia daftarini. Ya Mushet, mtoto wa msitu ule ule, ilipotea kwa sababu ilitoka.

Kwa hiyo nawausia wenzangu: fundi mwenye mbinu yake, mzee mwenye shamba lake, kikundi cha vijana chenye chombo walichokibuni. Andikisheni kwa majina yenu wenyewe. Ziandikeni tarehe za kulipa ukutani, na msimwachie mdhamini akumbuke kwa niaba yenu. Si kila baba ana binti kama Mary.