Bushiri: Mwenye kinu cha miwa tusiyemjua

UKIMTAJA Bushiri mbele ya mtu yeyote aliyepita shule ya msingi hapa nchini, jibu litakuja haraka: aliwapiga Wajerumani, akanyongwa Pangani. Jibu hilo ni sahihi, lakini ni nusu tu ya habari. Kabla ya kuwa jemadari, Abushiri bin Salim al-Harthi alikuwa mkulima na msindikaji. Alikuwa na shamba la miwa Pangani, katika bonde ambalo mashamba yake yaliishi kwa vinu vya kukamulia na makarai ya kuchemshia maji ya miwa hadi yawe asali au sukari guru.

Kwa mkulima wa leo anayefikiria kununua mtambo wa namna hiyo, awe Pangani au Bisibo huko Kagera, ambako mabua matamu ya mtama, yaani kota, yangeweza kukamuliwa badala ya kutafunwa tu, maisha ya mtu huyu yana mengi ya kufundisha kuhusu mtaji, deni na soko.

Pembe kwanza, miwa baadaye

Bushiri alizaliwa katika karne ya 19, baba Mwarabu wa ukoo wa al-Harthi na mama Muoromo. Al-Harthi walikuwa ukoo mkubwa na wa siku nyingi Unguja, na hawakupikika chungu kimoja na akina Busaidi waliokuwa wakitawala. Mwaka 1859 walimuunga mkono Barghash alipojaribu kumpindua kaka yake, Sultani Majid. Uasi huo ulizimwa Machui, nje ya mji wa Unguja. Uhasama ulibaki, na Bushiri aliurithi.

Akiwa kijana alifanya biashara iliyokuwa ikiwavuta vijana wengi wa pwani: misafara ya bara kutafuta pembe za ndovu. Alifika hadi Unyamwezi, na huko akashiriki vita dhidi ya Mirambo. Biashara hiyo iliendeshwa kwa mkopo. Wafanyabiashara wa Kihindi wa Unguja walitoa vitambaa, shanga na bunduki, na kiongozi wa msafara alitakiwa kulipa kwa pembe akirudi. Msafara ukifanikiwa, faida ilikuwa nono. Ukikwama, deni lilibaki palepale na kuendelea kukua.

Faida aliyoipata Bushiri aliiwekeza katika ardhi. Kiuchumi uamuzi huo ulikuwa wa busara. Kila mwaka ndovu walikuwa wakipungua na misafara ikilazimika kwenda mbali zaidi. Kimbunga cha mwaka 1872 kilikuwa kimeangusha mikarafuu mingi ya Unguja. Bonde la mto Pangani, kwa upande wake, lilikuwa na udongo wa rutuba na maji ya kutosha, na majahazi yalifika hadi mtoni. Soko la sukari lilikuwepo Unguja na Arabuni. Mtu mwenye fedha kidogo na ujasiri alikuwa na kila sababu ya kupanda miwa.

Kinu na makarai

Miwa si zao la kulima na kuweka ghalani. Ukishakatwa, utamu wake huanza kupotea, na ukikaa zaidi ya siku moja au mbili sukari iliyomo hugeuka na kukataa kuganda. Kwa hiyo mwenye shamba la miwa asiye na kinu hana biashara. Ndiyo maana matajiri wa Pangani waliagiza vinu na makarai kupitia Unguja, gharama ambayo mkulima wa kawaida asingeimudu.

Ufundi wa enzi zile haukuwa tofauti sana na ule unaotumiwa leo na watengenezaji wadogo wa sukari guru. Miwa hupitishwa kati ya magurudumu ya kinu kinachozungushwa na mnyama. Maji yake huchujwa na kumiminwa katika makarai yaliyopangwa mstari mmoja juu ya tanuru refu. Karai la kwanza ni kubwa, na yanayofuata hupungua ukubwa kadiri yanavyokaribia moto mkali. Huwekwa chokaa kidogo ili kuondoa uchachu na kukusanya uchafu, na povu linalopanda huenguliwa bila kusita. Maji yanavyozidi kuwa mazito huhamishwa kwa upawa kutoka karai moja hadi jingine. Karai la mwisho ndilo la kuchunga kuliko yote: ukichelewa kidogo sukari inaungua na kuwa chungu, ukiwahi mno inabaki asali isiyoganda.

Gharama kubwa iko kwenye moto. Katika kila lita 100 za maji ya miwa, zaidi ya lita 80 ni maji matupu yanayotakiwa kuondoka kwa mvuke. Kuigeuza lita moja ya maji yanayochemka kuwa mvuke kunahitaji joto karibu mara saba ya lile lililoichemsha kutoka ubaridi wa kawaida. Ndiyo maana makapi ya miwa yaliyokaushwa juani ni mali, na tanuru linalovujisha moto hula faida.

Walioshika upawa

Tusijidanganye kwamba faida ya Pangani ilitokana na akili ya matajiri peke yake. Waliokata miwa, waliolisha kinu na waliosimama mbele ya makarai usiku na mchana walikuwa watumwa. Kazi ya miwa haikuwa kama ile ya mashamba ya nafaka, ambako mtumwa aliweza kupata siku zake za kujilimia. Miwa ikishakatwa kinu hakisubiri, na moto ukishawashwa hauzimwi ovyo.

Mwaka 1873 watumwa wa Kikogwe, ng'ambo ya mto mkabala na mji wa Pangani, waliasi, wakakimbia na kuanzisha makazi yao huko Makorora. Mwaka huohuo Sultani Barghash, akishinikizwa na Waingereza, alipiga marufuku biashara ya watumwa kwa njia ya bahari. Kwa mwenye shamba hilo lilikuwa onyo kwamba nguvukazi aliyoizoea haitadumu. Wengi hawakulisikia. Bushiri alikuwa mmoja wa tabaka hilo, na heshima tunayompa haituzuii kulisema hilo.

Upande mwingine wa hesabu ulikuwa deni. Mapato ya miwa huja kwa msimu, lakini riba haingoji msimu. Bushiri mwenyewe alikuwa na madeni ya siku za misafara, na pamoja na uhasama wa ukoo wake na Busaidi, Sultani alitaka akamatwe. Akawa haendi tena Unguja. Alijichimbia Pangani katika shamba lake, akilindwa na watu wake. Mkulima akawa tayari na nusu ya jeshi kabla Wajerumani hawajashusha mizigo.

Ufundi mwingine ng'ambo

Wakati Pangani ikiyategemea makarai ya wazi, kwingineko duniani teknolojia ilikuwa imeshapiga hatua. Huko Louisiana, Marekani, mhandisi Norbert Rillieux, aliyezaliwa New Orleans mwaka 1806 kwa mama mwenye asili ya Kiafrika, alipata hataza mwaka 1843 na nyingine mwaka 1846 kwa mtambo wa vyombo vilivyofungwa. Mvuke unaotoka katika chombo cha kwanza hutumika kuchemsha cha pili, na wa pili huchemsha cha tatu, kwa sababu hewa hupunguzwa ndani ili maji yachemke kwa joto dogo zaidi. Moto mmoja hufanya kazi mara tatu, na sukari haiungui. Viwanda vikubwa vya sukari, vya hapa kwetu vikiwemo, bado vinafuata kanuni hiyo.

Huko Ulaya nako sukari ya viazisukari ilikuwa ikizalishwa kwa wingi na kwa ruzuku, na Ujerumani ikiongoza. Mwaka 1884 bei ya sukari duniani iliporomoka vibaya. Mwishoni mwa mwaka huohuo Karl Peters alikuwa Usagara na maeneo ya jirani akikusanya mikataba ya kilaghai kutoka kwa machifu. Kwa hiyo taifa lililokuwa linakuja kuichukua Pangani ndilo lililokuwa likiijaza dunia sukari ya bei nafuu.

Forodha ikabadilisha mikono

Sultani Barghash alifariki dunia Machi 1888. Mrithi wake, Khalifa, alisaini mkataba Aprili 28 mwaka huo, akiikodisha pwani yetu kwa Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki. Kuanzia Agosti kampuni ilitakiwa kukusanya ushuru wa forodha na kutawala kwa jina la Sultani.

Pangani ilitumwa kijana mmoja, Emil von Zelewski, ambaye baadaye watu walimbatiza jina la Nyundo. Alitaka bendera ya kampuni ipepee mjini, na wanajeshi wa majini walishuka kumsaidia kwa mabavu. Kampuni ilitaka pia ushuru wake na uandikishaji wa ardhi. Kwa mwenye shamba la miwa hayo yalikuwa mambo matatu katika pigo moja: nani anamiliki ardhi, nani anatoza mali inapotoka mtoni, na nani ataamua kesi ya deni.

Lakini waliosimama hawakuwa matajiri peke yao. Wapagazi, wavuvi, Wazigua kutoka bara na hata watumwa walijaa mjini, kila mmoja na lake moyoni. Septemba 1888 Wajerumani wa Pangani walizingirwa nyumbani mwao, na ikabidi Jenerali Lloyd Mathews wa Sultani aje kuwaokoa. Uongozi wa uasi ukaangukia mikononi mwa Bushiri, kwa kuwa alikuwa na watu, bunduki na uzoefu wa vita vya bara. Na kwa kuwa alikuwa mtu wa hesabu, alipowakamata wasafiri Hans Meyer na Oscar Baumann waliokuwa wakitoka Usambara hakuwaua. Aliwaachia kwa malipo ya rupia 10,000.

Kamba ya Pangani

Kampuni ilishindwa kuimudu pwani, na serikali ya Ujerumani ikalazimika kuingilia. Ilimtuma Hermann von Wissmann akiwa na askari wengi wa kukodi kutoka Sudan na Msumbiji. Mei 8, 1889, waliivamia ngome ya Bushiri karibu na Bagamoyo na kuiteka. Bushiri aliponea chupuchupu, akaelekea bara na kukishambulia kituo cha kampuni huko Mpwapwa. Julai Pangani ilitekwa. Alirudi na wapiganaji wa bara, wakashindwa tena mwezi Oktoba.

Vita vya msituni vinahitaji chakula na marafiki, naye alianza kukosa vyote. Mkono wa Wissmann ulikuwa umeahidi zawadi kwa atakayemtoa. Alisalitiwa, akakamatwa Desemba na kupelekwa Pangani, mji ambao miwa yake ilikuwa ikipita kwenda kuuzwa. Desemba 15, 1889, alinyongwa.

Kilichofuata kinamhusu kila mkulima. Miwa ya Pangani haikupata tena nguvu iliyokuwa nayo. Mwaka 1893 Dk. Richard Hindorf alileta miche ya mkonge kutoka Florida. Ilinusurika 62 tu kati ya 1,000, nayo ikapandwa Kikogwe, mahali palepale watumwa wa miwa walikoasi miaka 20 kabla. Mkonge ukatawala Tanga, na sukari ikahamia kwingine: Arusha Chini katika miaka ya 1930, kisha Kilombero, Mtibwa na Kagera.

Somo kwa wenye makarai leo

La kwanza ni kulijua zao lako. Kota si muwa. Maji yake yana wanga na sukari za aina nyingine zinazozuia kuganda, hivyo anayeahidiwa sukari ya chenga kutoka kwenye mtama aulize maswali mengi kabla ya kutoa fedha. Bidhaa yake ya uhakika ni asali nzito. Maji yaachwe yatulie ili wanga uzame chini, yachujwe, yachemshwe katika karai pana lenye kina kifupi, povu lienguliwe, na moto upunguzwe joto likifika nyuzi 108 hadi 110 za Selsiasi. Tarajia lita moja ya asali kwa kila lita kumi hivi za maji, na piga hesabu ya kuni kabla ya hesabu ya faida. Kuni zikinunuliwa, mara nyingi faida yote inaishia tanuruni.

La pili ni deni. Mtambo wa msimu ulipiwe kwa mapato ya msimu. Mkopo unaodai kila mwezi kwa kazi ya miezi mitatu ni kamba shingoni, hata kama riba yake inaonekana ndogo.

La tatu ni umiliki. Bushiri na wenzake walikuwa na vinu, lakini walimsahau aliyeshika upawa, na forodha ilipochukuliwa na wageni utajiri wao haukuwalinda. Kikundi cha wakulima kitakachonunua kinu leo kijiulize mapema nani anakimiliki, anayekesha mbele ya moto analipwa nini, na nani anapanga bei mzigo unapofika barabarani. Wakiandika majibu hayo kabla ya kuwasha tanuru, watakuwa wamefanya jambo ambalo matajiri wa Pangani hawakulifanya.