Emin Pasha na barua zilizokosa kuaminiwa

SISI tuliosoma ukimbizini Nakivale tunakumbuka barua zilizofika Mbarara mikononi mwa wafanyabiashara wa mpakani. Kabla ya kufungua bahasha, wazee waliigeuza, wakakagua gundi, wakauliza imepitia kwa nani. Ikiwa imeandikwa kwamba nyumbani kumetulia, je, ni ndugu yako aliyeandika, na kwa hiari yake? Kwa jibu la swali hilo familia ilirudi au ilibaki.

Swali hilo lilimkuta pia Emin Pasha, mtu mashuhuri aliyepita hapa Ankole mwaka 1889.

Jina lake la kuzaliwa lilikuwa Eduard Schnitzer, daktari wa Kijerumani, mzaliwa wa Oppeln, Machi 28, 1840. Mwaka 1878 aliteuliwa gavana wa Ekwatoria, jimbo la kusini mwa Sudan lililokuwa chini ya Misri. Januari 1885 wafuasi wa Mahdi waliiteka Khartoum, na njia ya Mto Nile ikafungwa. Barua zake zikabaki na njia ya nchi kavu kupitia Bunyoro na Buganda hadi Zanzibar, ambako kila mtawala wa njiani aliweza kuzizuia. Barua ya Nubar Pasha, waziri mkuu wa Misri, ya kumweleza kwamba serikali inaiacha Sudan, iliandikwa Mei 1885 ikamfikia Februari 1886. Mohammed Biri, mfanyabiashara wa Tripoli aliyembebea barua, aliuawa Bunyoro mwaka 1888.

Aprili 1888, Stanley alimfikia Emin kwenye Ziwa Albert akiwa na barua ya Khedive, mtawala wa Misri, inayowaruhusu yeye na askari wake kuondoka. Ilikuwa barua halali. Hata hivyo, askari wengi walidai ni ya kughushi na kwamba Khartoum haijaanguka. Agosti mwaka huo waliasi, wakamfunga Emin huko Dufile.

Baadaye nakala ya barua hiyo ilianguka mikononi mwa wafuasi wa Mahdi. Desemba 1888, kamanda wao Osman Digna aliipeleka kwa Waingereza Suakin, pwani ya Bahari ya Shamu, iwe ushahidi kwamba Emin na mzungu mwenzake wametekwa. London ikaingiwa na hofu. Maneno ya barua yalikuwa ya kweli, lakini habari iliyobebeshwa ilikuwa ya uongo.

Julai 1889 msafara wa Stanley na Emin ulipita Ankole, ukavuka Mto Kagera kuingia Karagwe, ukafika Bagamoyo Desemba 4. Askari wengi walibaki nyuma. Mwaka 1891 Lugard aliwachukua baadhi yao kuwaleta Uganda, na wajukuu wao wamo miongoni mwa Wanubi tunaoishi nao leo. Misri hawakuiona tena.

Emin mwenyewe aliuawa Kongo Oktoba 1892. Inasimuliwa kwamba alikuwa ameahidiwa njia salama kwa barua, kumbe barua nyingine imeamuru auawe.

Ndugu msomaji, gundi nzima haithibitishi kwamba habari ni ya kweli, wala bahasha iliyochanika haithibitishi uongo. Wazee wetu wa Nakivale walimwangalia kwanza aliyeileta. Wewe unayevuka mpaka na ujumbe wa mwenzako mfukoni, fahamu kwamba umebeba uamuzi wa familia nzima.