Samuel Sharpe na Mgomo wa Miwa

Muulize mwanafunzi wa historia ni nani aliyekomesha utumwa katika makoloni ya Uingereza, naye atakutajia William Wilberforce pasi na kusita. Sina kinyongo na Wilberforce. Kinachonikera ni kwamba aghalabu hatumtajii mwanafunzi huyo Samuel Sharpe wa Jamaica, ambaye alikuwa mtumwa mwenyewe.

Sharpe alizaliwa mnamo 1801 hivi. Alijua kusoma na kuandika, akawa shemasi katika kanisa la Wabaptisti mjini Montego Bay. Kutokana na magazeti alifahamu kwamba kule London utumwa ulikuwa ukijadiliwa bungeni, basi mikutano ya sala ikawa pia mahali pa kufanyia mipango. Na hapa ningependa mwalimu atue kidogo: mpango wake haukuwa vita, ulikuwa mgomo. Sikukuu ya Krismasi ya 1831 ikiisha, mtumwa asirudi shambani mpaka bwana akubali kumlipa ujira. Wakati wenyewe ulichaguliwa kwa busara, maana ndio uliokuwa msimu wa kuvuna, na muwa uliokomaa haumngoji mtu. Wenzake waliapa kwa Biblia.

Usiku wa Desemba 27 shamba la Kensington lilitiwa moto, mgomo ukageuka uasi. Watumwa wapatao 60,000 walishiriki. Wazungu waliouawa walikuwa 14. Watumwa waliohukumiwa na kuuawa peke yao walizidi 300, baadhi yao kwa makosa madogo mno. Wenye mashamba nao hawakutosheka, wakayabomoa na kuyachoma makanisa ya Wabaptisti.

Sharpe alinyongwa Montego Bay, Mei 23, 1832. Mabwana zake walilipwa pauni 16 na shilingi 10, fidia ya mali iliyopotea.

Sidai kwamba yeye pekee ndiye aliyeung'oa utumwa. Hata hivyo, habari za umwagaji damu huo zilipofika London, wabunge walitambua kwamba kuuendeleza kungeleta maafa makubwa zaidi. Sheria ya kuukomesha ilipitishwa Agosti 1833, ingawa waliokuwa watumwa wa mashambani waliendelea kufungwa na kazi ya lazima hadi 1838. Bunge lilitenga pauni milioni 20 kuwafidia mabwana. Waliokata miwa hawakupewa hata senti.